Kuandikishwa Si Kuhudhuria

Kila mwezi wa Januari nchi yetu huona jambo la kupendeza. Wazazi huwashika watoto wao mikono na kuwafikisha mlangoni pa shule. Majina huandikwa, viongozi hutangaza idadi ya walioandikishwa, na magazeti, likiwemo hili letu, huichapisha idadi hiyo kwa herufi kubwa. Sote hufurahi, na tuna haki ya kufurahi. Lakini leo twapenda kuwauliza wasomaji wetu swali ambalo mwezi wa Januari halisikiki: ifikapo mwezi wa Mei, mahindi yakiwa yanakauka shambani na ndege wakiwa wamevamia mpunga, je, watoto wale wako wapi?

Jina lililoandikwa ni ahadi tu. Elimu yenyewe hupatikana siku kwa siku, kipindi kwa kipindi, na siku iliyopotea hairudi. Kwa hiyo twasema waziwazi tangu mwanzo kwamba vita vya kuwaandikisha watoto tumevipigana kwa ushujaa, lakini vita vya kuwafanya wahudhurie bado hatujavipigana ipasavyo, na sababu kubwa ni kwamba tumemwachia mzazi peke yake mzigo ulio wetu sote.

Sheria iko, nayo si ya jana. Sheria ya Elimu, Namba 25 ya mwaka 1978, ilitamka kwamba kila mtoto aliyetimiza miaka saba ni lazima aandikishwe katika shule ya msingi, ahudhurie daima, na aimalize. Wajibu wa kuhakikisha hayo ulitwikwa mzazi au mlezi, na anayeupuuza aweza kufikishwa mahakamani. Sheria hiyo haikuzuka tu. Ilitokana na historia ambayo kila mwanachama apaswa kuijua.

Mwalimu Nyerere mwenyewe hakuanza shule hadi mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, na shule aliyokwenda ilikuwa Mwisenge, mjini Musoma, umbali wa maili 26 kutoka kwao Butiama. Huyo alikuwa mtoto wa Chifu. Twaweza kukisia hali ya watoto wasiokuwa wa machifu. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, watoto waliokuwa katika shule za msingi walikuwa kama 490,000 tu, na wengi wao safari yao ilikoma darasa la nne. Wazazi wa siku zile hawakukaa wakilia. Tangu mwaka 1955 walikuwa na chama chao, TAPA, kilichoshirikiana na TANU, wakajenga shule kwa miti na udongo na kuwatafutia watoto walimu, maana serikali ya kikoloni haikuona haraka ya kufanya hivyo.

Mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana Musoma na kuazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe na nafasi darasani. Sheria ya 1978 ilikuja kuutia mhuri uamuzi huo. Baadaye mambo yakawa magumu. Katikati ya miaka ya 1980 uchumi uliyumba, ada zikarejea, na sehemu ya watoto walioandikishwa ikashuka. Mwaka 2001 ada za shule za msingi zikafutwa, na tukaona ajabu: wanafunzi waliokuwa wapatao milioni 4.4 mwaka 2000 wakakaribia milioni 8 mwaka 2006. Januari 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa katika kidato cha tano na cha sita pia. Mapema mwaka 2025 ikazinduliwa sera mpya, ambayo yaelekeza kwamba elimu ya lazima iwe ya miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari, badala ya miaka saba.

Basi tumeufungua mlango, na tumeupanua. Lakini mlango kuwa wazi si sawa na mtu kuingia, wala kuingia siku ya kwanza si sawa na kukaa.

Na tufanye hesabu ndogo, ambayo mwanafunzi wa darasa la nne aweza kuisahihisha. Mwaka wetu wa masomo huhesabiwa kuwa na siku 194. Tumchukue mtoto asiyekuwa mkorofi hata kidogo, ila kila juma hukosa siku moja, ile siku ya mnada au gulio, ambapo hubaki kuangalia mdogo wake mama akienda kuuza. Siku moja tu kwa juma, nani atamgombeza? Kwa mwaka mtoto huyo atakuwa amepoteza siku kama 39. Kwa miaka saba ni siku 273, nazo ni mwaka mzima wa masomo na siku 79 zaidi. Kwa miaka 10 ya sera mpya zitakuwa siku 390, yaani miaka miwili kamili na siku mbili juu yake. Mtoto huyo hakuacha shule. Hatahesabiwa popote kuwa ameacha. Lakini atatoka na elimu ya miaka minane, huku cheti chake kikidai kuwa ni kumi, kisha tutamlaumu mwalimu kwa kuwa mtoto hajui kugawanya.

Tukitazama wale walioacha kabisa, twakuta jambo jingine la kushangaza. Katika takwimu za serikali, sababu inayoongoza huandikwa kwa neno moja: utoro. Neno hili tulitazame vizuri. Wazee wetu wa pwani, enzi za biashara ya watumwa, walimwita mtoro yule mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Ni neno la mwenye mali akimlaumu aliyetoroka, nalo halisemi lolote juu ya kilichomkimbiza. Daktari akiulizwa mgonjwa anaumwa nini, akajibu kwamba anaumwa ugonjwa, tutamfukuza. Vivyo hivyo, kusema kwamba mtoto ameacha shule kwa sababu ya utoro ni kusema kwamba ameacha kwa sababu ameacha. Hapana budi tuulize: amekimbia nini, au amekimbilia nini?

Jibu la kwanza ni kazi. Katika mashamba ya mpunga na mtama mtoto hutumwa kuamia ndege tangu jua halijachomoza. Penye tumbaku hupanga majani. Penye ng'ombe huchunga. Penye korosho huokota, na msimu wa korosho kusini huangukia miezi ya mwisho wa mwaka, wakati wa mitihani. Mzazi afanyaye hivyo si lazima awe adui wa elimu. Mara nyingi ni mkulima mwenye mikono miwili na kazi ya mikono sita. Lakini twamwambia kwa heshima: mzee, mavuno unayoyaokoa leo kwa mikono ya mtoto utayala mwaka huu tu, ila ujinga utakaomwachia atakula nao maisha yake yote.

Jibu la pili ni umbali. Mtoto wa miaka saba akitembea kilomita tano kwenda na tano kurudi, kisha masika yakajaza mto katikati ya njia, hakuna sheria itakayomvusha. Ujenzi wa madarasa 15,000 uliofanywa kwa fedha za mpango wa kupambana na athari za UVIKO-19, mwaka 2021 hadi 2022, ulihusu jambo hili, kwani madarasa 3,000 kati ya hayo yalijengwa katika shule shikizi, zile shule ndogo zinazomfuata mtoto kitongojini kwake. Ni hatua njema. Lakini sekondari ya kata bado ni moja kwa vijiji vingi, na mahali pengi wasichana hupanga vyumba mitaani ili wawe karibu na shule, bila mlinzi wala mlezi. Mwaka 2016 sheria iliweka kifungo cha miaka 30 kwa yeyote ampaye mimba mwanafunzi. Twaiunga mkono sheria hiyo. Hata hivyo twaona kwamba bweni lingekinga yale ambayo gereza huja kuyaadhibu baada ya kutokea.

Na kwa kuwa tumegusa jambo hilo, tuseme ukweli wote. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa. Sisi wenyewe tulikuwa tukimwambia mzazi kwamba ni kosa mtoto wake kutohudhuria, kisha tukamfungia mlango mtoto aliyetaka kuhudhuria. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana hao waruhusiwe kurudi, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukaelekeza utaratibu. Sasa kazi iliyobaki ni ya majirani: waache kumcheka binti aliyerudi darasani akiwa amemwacha mtoto kwa bibi yake. Kicheko hicho nacho hufukuza, tena pasipo waraka.

Jibu la tatu ni njaa na michango. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji ilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka mzima. Igawanyeni kwa siku 194 mtaona kwamba haifiki shilingi 52 kwa siku. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka huo ulieleza kwamba sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vyabaki kwa mzazi. Januari 2018 Rais Magufuli alikataza wanafunzi kutozwa michango mashuleni. Baadhi yetu tulilielewa agizo lile vibaya, tukadhani mzazi hana tena wajibu wowote. Na baadhi ya shule nazo zikaendelea kumrudisha nyumbani mtoto ambaye baba yake hajatoa mahindi ya uji. Makosa yote mawili huzaa matunda yale yale, nayo ni kiti kitupu darasani. Mtoto hakukopa, hana fedha, wala hakuulizwa. Kumrudisha nyumbani kwa deni la baba yake ni kumfundisha utoro kwa mkono wa shule yenyewe.

Jibu la nne ni fimbo. Kanuni za serikali zimeweka mpaka: viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye, na viandikwe kitabuni. Kila mtu ajua kwamba mpaka huo huvukwa. Mtoto aliyechelewa kwa sababu alichota maji, akijua kwamba fimbo yamngoja getini, atajificha kichakani hadi saa za kutoka, kisha atarudi nyumbani na wenzake kana kwamba alisoma. Fimbo iliyokusudiwa kuondoa uchelewaji mdogo imezaa utoro mkubwa.

Hapa mwandishi wa makala hii aomba ruhusa ya kukumbuka jambo la utotoni. Katika shule ya misheni niliyosoma, ndugu wawili walikuwa na desturi ya ajabu: leo alikuja mmoja, kesho mwingine, wala hawakuonekana pamoja. Tuliwaita wavivu, na kiranja aliyaandika majina yao kila siku kwa ajili ya adhabu. Padri mzee aliyekuwa msimamizi wa shule hakuwaita ofisini. Alipanda baiskeli yake akaenda kwao. Alikuta kaptura moja ya shule imeanikwa kwenye kamba, na mvulana mmoja amejifunga kitambaa akimngoja mwenzake arudi ili kesho aivae yeye. Padri alirudi kimya. Juma lililofuata ndugu wale wawili walikaa dawati moja, na mmoja wao leo ni fundi wa umeme anayelea jamaa kubwa. Kama majina yao yangeishia kwenye kitabu cha adhabu, wangekuwa watoro wawili katika takwimu.

Hatukusimulia hayo ili tuseme kwamba wazazi wote ni maskini wa kuhurumiwa. La! Wapo wenye uwezo na wasiojali. Yuko baba mwenye fedha za pombe kila jioni asiyekuwa na fedha za daftari. Yuko anayemwoza binti yake kwa ng'ombe. Yuko anayemficha mtoto siku mtendaji apitapo. Kwa hao sheria ya 1978 itumike, tena bila kumwangalia mtu usoni, hata akiwa ni kiongozi au mwenye kadi ya Chama. Lakini mtendaji wa kijiji akimpeleka baraza au mahakamani yule mjane asiyekuwa na sare pamoja na yule mlevi asiyekuwa na haya, akawatoza faini ile ile, atakuwa hakutenda haki, na mtoto wa mjane atauziwa kuku wake ili kulipia faini ambayo ingetosha kumnunulia sare. Asiyeweza na asiyetaka ni watu wawili tofauti, na kazi ya kwanza ya uongozi ni kuwatenganisha.

Watatenganishwaje? Daftari la mahudhurio lipo, na mwalimu huliita kila asubuhi. Shida ni kwamba daftari hilo husomwa na watu wa shule tu, na wakati mambo yameshaharibika. Twapendekeza lisomwe kijijini. Mtoto akikosa siku tatu mfululizo bila habari, au akikosa siku moja ile ile kila juma, jina lake lifike kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa jioni ile ile, na mtu aende nyumbani kwake. Asiende na karatasi ya wito. Aende na swali. Siku ya tatu mtoto bado ana madaftari yake na bado anamkumbuka rafiki yake wa dawati. Baada ya miezi mitatu ameshazoea fedha za machimbo, za uvuvi au za kupiga debe stendi, na kumrudisha ni kazi ngumu mno.

Na hapa ndipo Chama kina la kufanya. Tangu miaka ya 1960 tumekuwa na mabalozi wa nyumba kumi. Balozi ajua nyumba ipi haikupika jana na mtoto yupi hakuvaa sare leo. Hana haja ya kusubiri takwimu kutoka Dodoma. Tangu mfumo wa vyama vingi urejee mwaka 1992, balozi si mtumishi wa serikali, wala hatumwambii ajifanye mtendaji. Twamwambia awe jirani mwema. Tena asiulize kadi kabla ya kubisha hodi, kwani mtoto hana kadi, na ujinga haubagui chama.

Lakini kabla hatujabisha hodi kwa wengine, tuzitazame nyumba zetu. Wasomaji wa gazeti hili ni wanachama na wafanyakazi. Wengi wetu asubuhi hii tumepewa chai na binti aliyeletwa kutoka kijijini kusaidia kazi za nyumbani. Ana umri gani? Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na hata aliyefikia umri huo hapaswi kupewa kazi itakayomzuia kusoma. Huyu binti, wakati anapomvisha mtoto wetu sare na kumsindikiza shuleni, jina lake liko katika daftari la shule fulani huko Iringa, Singida au Kigoma, na mbele ya jina hilo pameandikwa kwamba hayupo. Mwalimu hajui aliko. Sisi twajua, maana yuko jikoni kwetu. Hatuwezi kuhutubia mkutano juu ya wazazi wazembe jioni, kisha turudi nyumbani tukafunguliwe mlango na mtoro tuliyemfanya sisi wenyewe.

Waajiri nao wana sehemu yao. Mfanyakazi wa kiwanda au wa shamba la chai anayeitwa shuleni kwa ajili ya mtoto wake apewe ruhusa ya saa mbili bila kukatwa mshahara, na vyama vya wafanyakazi vilidai jambo hilo katika mikataba. Halmashauri za vijiji zipatane na walimu juu ya uji wa mchana kwa mavuno ya wenyewe, kila nyumba kwa kadiri ya uwezo wake, na mwenye deni adaiwe yeye, si mtoto. Walimu nao wakumbuke kwamba daftari lina pande mbili: mtoto aliyetembea kilomita tano akakuta darasa halina mwalimu amehudhuria bure, na kesho hatatembea tena.

Miaka 10 ya elimu ya lazima ni jambo kubwa, nasi twalikaribisha kwa mikono miwili. Lakini neno lazima lisielekezwe kwa mtoto na mama yake pekee. Ni lazima mzazi ampeleke. Ni lazima shule impokee. Ni lazima kijiji kimwulizie. Ni lazima serikali imjengee karibu. Na ni lazima sisi tulio na mishahara tusimnunue. Pasipo hayo, tutakuwa tumeongeza miaka kwenye karatasi tu.

Ndugu msomaji, juma hili, kabla hujauliza kijiji au mtaa wako umeandikisha watoto wangapi, nenda kwenye shule iliyo karibu nawe, mwombe mwalimu mkuu akueleze ni wangapi wamekosekana tangu Jumatatu. Kisha chagua jina moja, uliza nyumba yake iko wapi, na uende.